Yah: Ndege yenu kugonga nyingine ardhini, na abiria kunyimwa nauli

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi iliyopita asubuhi mimi na mama yangu mzazi tulipanda Cessna Caravan yenu kwenda Mafia, kutokea Jengo la Kwanza la Abiria, Uwanja wa Julius Nyerere. Ndege ilipokuwa inatoka maegeshoni, ncha ya bawa la kushoto iligonga bawa la ndege ndogo iliyoegeshwa. Kishindo tulikisikia wote. Rubani alisimamisha ndege, akazima injini, akatuomba radhi. Kwa hilo sina neno naye.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike. Alikuja kijana wa mizigo, akaitazama ncha ya bawa kutoka chini, akasema ni mkwaruzo tu. Bawa la Caravan liko juu ya kichwa cha mtu, na mimi sikuona fundi wala ngazi. Muda si mrefu tukaambiwa tupande ndege ileile. Mama alikataa, nami nisingeweza kumwacha. Dawati lenu likaandika kwamba hatukutokea safarini, nauli zetu zote mbili zikapotea. Hatukutokea vipi, ilhali tulishakaa vitini na mikanda tumefunga?

Mhudumu wenu alinijibu kwamba ndege haikuwa angani, kwa hiyo hiyo si ajali. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, yaani mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinahesabu ajali tangu mtu anapopanda kwa nia ya kusafiri hadi wote wanaposhuka. Ni kweli kinaacha nje uharibifu ulioishia kwenye ncha ya bawa. Lakini nani alithibitisha kwamba uliishia hapo? Ncha iko mbali na kiwiliwili cha ndege, hivyo pigo lake huenda na nguvu kubwa hadi kwenye shina la bawa. Ndani ya mabawa hayo mna matangi ya mafuta, na ukingoni, karibu na ncha, kuna kibawa cha kuilaza ndege inapogeuka. Mwenye kusema ni salama ni fundi mwenye leseni, tena kwa maandishi. Wenzetu waliopanda walistahili kulijua hilo kabla ya kuvuka bahari.

Naomba nakala ya taarifa ya ukaguzi uliofanywa kabla ya ndege kuruka, yenye jina na namba ya leseni ya aliyesaini. Naomba pia nauli zetu zirudishwe kamili, na kumbukumbu ya kwamba hatukutokea ifutwe. Tena, muweke mtu wa kutembea usawa wa ncha ya bawa kila ndege inapotoka kwenye maegesho yaliyobana. Hilo halihitaji mtambo wowote.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Nakala za tiketi na vitambulisho vyetu nimeambatanisha.

Wako,
Abiria wa Mafia