Zebaki iko karibu na jua, lakini joto liko Zuhura

Mhariri,

Binti yangu wa Gredi ya 6 alirudi nyumbani juzi na karatasi ya mtihani wa sayansi. Swali moja liliuliza ni sayari ipi yenye joto jingi zaidi. Aliandika Zuhura, akakoseshwa kwa wino mwekundu, na pembeni akaandikiwa kwamba jibu ni Zebaki kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na jua. Nilipouliza shuleni, nikaambiwa mtihani ulinunuliwa ukiwa tayari umechapishwa, na mwongozo wa kusahihisha ulikuja nao. Basi.

Mtoto hakukosea. Mchana wa Zebaki hufika nyuzi 430 hivi, lakini usiku wake hushuka hadi 180 chini ya sifuri, kwa maana haina hewa ya maana ya kuhifadhi joto. Ni kama mtu aliyeketi kando ya jiko mwezi wa Julai bila shati: kifua kinaungua, mgongo unatetemeka. Zuhura imekaa mbali zaidi na jiko, ila imejifunika blanketi zito la gesi ya kaboni dioksidi, takriban asilimia 96 ya hewa yake. Huko ni nyuzi 465 hivi, usiku na mchana, joto la kuyeyusha risasi. La kushangaza ni kwamba mawingu yake ya asidi hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, hata kinachobaki ni kidogo kuliko kile Dunia inachopokea. Hicho kidogo kikishaingia, hakipati njia rahisi ya kutoka.

Wala haya si mambo ya jana. Chombo cha Kisovieti, Venera 7, kilitua Zuhura tarehe 15 Desemba 1970, siku tatu tu baada ya setilaiti ya Uhuru kurushwa kutoka pwani yetu karibu na Malindi. Kilituma habari za joto kwa dakika chache kikanyamaza. Venera 13 ya mwaka wa 1982 ilistahimili dakika 127, chini ya hewa inayokandamiza mara 90 na zaidi kuliko ya hapa kwetu.

Mkandamizo wa hewa tunaujua hata jikoni. Hapa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharagwe yangu hula makaa mengi kuliko ya dada yangu aliye Mombasa. Huko Mirihi, ambako hewa haifiki hata asilimia moja ya yetu, maji yangechemka yakiwa bado baridi ya kuuma vidole. Mshtarii nayo haina hata ardhi ya kubandikia sufuria.

Na hoja ya umbali inaanguka tena huko mwisho wa foleni. Neptune ndiyo ya mbali kabisa, lakini baridi kali zaidi iliyopimwa katika hewa ya sayari, nyuzi 224 chini ya sifuri, ni ya Uranus. Neptune hutoa joto jingi kutoka tumboni mwake. Uranus hutoa kidogo sana. (Nimeyaacha majina hayo mawili ya kigeni makusudi. Vitabu vyetu havijaafikiana Zohali ni sayari ipi, na sitaki mtoto mwingine akoseshwe kwa sababu yangu.)

Ombi langu ni kwa wanaotunga na kuuza mitihani hii: rekebisheni mwongozo kabla ya muhula ujao. Walimu nao, mtoto akija na jibu lisilo kwenye mwongozo, muulizeni amelitoa wapi. Binti yangu alikuwa na maelezo yote. Alama yenyewe ameshaisamehe. Anachotaka ni darasa liambiwe, kwa sababu wenzake sasa wanamwita Zuhura.

Mzazi,
Umoja, Nairobi