Tuchangie korongo la shule kabla mvua haijaanza

Mbukwenyi ndugu zangu, wazazi na wanafunzi wa zamani mlioko Dodoma mjini, Dar na popote pale. Naandika kwa niaba ya kamati ya wazazi wa shule yetu ya msingi huku Mpwapwa, naombeni muisome hii msg mpaka mwisho.

Mnalikumbuka lile korongo kati ya kitongoji na shule, enzi zetu tulikuwa tunaliruka tu tukiwahi namba. Sasa hivi haliruki mtu, limekula mpaka nyuma ya vyoo na mizizi ya ule mbuyu inaning'inia hewani. Mwezi wa pili mwaka huu, saa nne asubuhi, jua linawaka kabisa, watoto wako mapumziko wengine wanacheza mlemle kwenye mchanga, maji yakaja. Kwetu halikudondoka hata tone, mvua ilinyesha juu huko milimani, na ndo makorongo ya Ugogo yalivyo, sasa hivi mchanga mkavu, ukigeuka ni mto. Kilichotuokoa ni kijana mmoja alikuwa anachunga ng'ombe huko juu, kaona maji, akampigia shangazi yake anayeuza maandazi hapo shuleni, yule mama akaacha karai motoni akakimbia anapiga yowe watoto watoke korongoni. Hakufa mtoto, Mungu ni mwema. Ila ingia darasa la pili leo, mstari wa tope ukutani unafika kiunoni kwa mtu mzima, na ubaoni hesabu za siku ile za juu zipo, za chini zimeenda na maji.

Sasa usiku nikilala nawaza, je yule kijana angekuwa hana salio?

Na sio sisi peke yetu jamani. Watu wa Gulwe, hukuhuku Mpwapwa, wanakumbuka Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yalivyobomoa reli ya kati kuanzia huku mpaka Kilosa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope likashuka Mlima Hanang likaingia Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Tulichanga mablanketi na unga, tulifanya vizuri sana. Kinachoniuma ni kwamba msiba tunachanga siku hiyohiyo, ila kuzuia msiba tunaambiana tutaangalia mwezi ujao, alafu mwezi ujao mvua ishafika.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati ya maafa mpaka kijijini, yetu ipo na inakutana. Tunachotaka kufanya ni kufunga gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, upande wa shule, kupanda mkonge kingo zote mbili, alafu kuweka watu wawili kijiji cha juu wenye simu yenye salio muda wote wa masika, wakiona maji wanapiga, huku chini tunapuliza filimbi na kipaza sauti, na watoto wanafundishwa kupanda kule kwenye mwamba na sio kukimbilia nyumbani, mana nyumbani ni kuvuka korongo. Pia kuna bibi wawili wanakaa kwenye tembe za udongo pale kingoni, na tembe likishanyonya maji paa linakuwa zito linashuka usiku watu wamelala, hao tutawahamishia kanisani mvua ikizidi.

Mawe tunabeba wenyewe, nguvu kazi ni kila Jumamosi. Waya, saruji, dizeli ya tipa, filimbi na vocha jumla ni 5,900,000, mpaka jana tuna 1,740,000. Mwenye elfu mbili atume, mwenye mfuko wa saruji alete, mwenye Fuso atuazime siku moja tu. Tuma kwa mhazini aliyepo kwenye grupu la wazazi, sio kwa mtu mwingine, na kila mchango unasomwa hapohapo. Tunataka gabioni ya mwisho ifungwe mwezi wa kumi na moja.

Daftari limeshafunguliwa. Jina la kwanza ni yule mama wa maandazi, ametoa elfu kumi.