Risala ya Klabu ya Wasomaji wa Vitabu vya Wanaharakati wa Amani, Arusha, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa dini, walezi wa klabu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, na tunakushukuru wewe kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyonayo. Tumeona pia kwamba umefika kwa wakati, heshima ambayo klabu hii haijaizoea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu ilizaliwa mwaka 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, na vijana wachache wakaanza kusoma pamoja kwa njia ya simu habari za watu waliopigania amani bila silaha. Mji wenyewe ulitusukuma, kwa kuwa ni hapa Arusha yaliposainiwa makubaliano ya amani ya Burundi tarehe 28 Agosti 2000, baada ya Mwalimu Nyerere kuyasimamia mazungumzo hadi alipofariki mwaka 1999 na Mzee Mandela kuyapokea. Tangu kuanzishwa, klabu imepiga hatua kubwa. Imekuwa ya kimataifa, kwani mwanachama wetu mmoja amehamia Bujumbura na bado anahudhuria bando linaporuhusu. Tumemaliza kumbukumbu za Wangari Maathai, na hakuna mwanachama asiyeweza kueleza jinsi mama yule alivyopinga, kuanzia mwaka 1989, ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mpaka mradi ukaachwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio hayo yamepatikana bila vitabu, na hapo ndipo ilipo haja yetu. Kila kitabu tunachosoma tunacho katika nakala moja tu, ya kuazima. Katibu hukipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuwatumia wenzake, utaratibu ambao tunafahamu kuwa hauwapendezi wachapishaji, nasi hatujivunii. Tuliposoma maisha ya Leymah Gbowee, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2011, tulifika pale wanawake wa Liberia walipokaa mlangoni mwa ukumbi wa mazungumzo mjini Accra mwaka 2003, wakiwazuia wajumbe kutoka kabla ya kuafikiana. Ukurasa uliofuata ulitufikia ukiwa na kivuli cha kidole gumba katikati. Mjadala wa jioni ile uliendeshwa na watu ambao nusu yao hawakujua kama wajumbe walitoka au hawakutoka. Kuagiza nakala kutoka nje ya nchi, pamoja na gharama za usafirishaji, kunazidi kwa mbali michango ya wanachama, ambao wengi wao ni wanafunzi.

Mheshimiwa, ombi hili si jipya. Mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia alituahidi, mbele ya wazazi na kwa makofi mengi, kabati lililojaa vitabu kabla ya Pasaka, ingawa hakutaja Pasaka ya mwaka gani. Kwa haki tuseme kwamba kabati lilikuja, ni la mbao nzuri na lina kufuli, na kwa sasa linatunza vikombe vya chai utakayoandaliwa muda si mrefu. Aliyemfuata alilikagua kabati hilo, akasikitika sana, akaagiza tuandike barua. Barua tuliandika, tukaikumbushia, tukaambiwa inashughulikiwa, na tunaamini inashughulikiwa hadi leo.

Kwa unyenyekevu mkubwa, basi, tunakuomba utusaidie kupata nakala 20 za kitabu kimoja kimoja kati ya vitabu vitatu tulivyovipanga kwa mwaka huu, au walau cha kwanza, ambacho ni cha Askofu Desmond Tutu kuhusu kazi ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini. Hatuombi jengo, hatuombi kompyuta, na kabati, kama tulivyoeleza, tunalo.

Ili kukupunguzia usumbufu wa kufuatiliwa, tumeandaa fomu fupi yenye nafasi ya idadi ya vitabu, tarehe ya kuvikabidhi, na jina la msaidizi wako tutakayewasiliana naye. Fomu iko kwa Mweka Hazina, kushoto kwako, pamoja na kalamu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.