Dawa ya wadudu kwenye chupa ya maji ya kunywa

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, kuna jambo limenikaa rohoni tangu masika iishe.

Mi ni mama wa nyumbani huku Kimara, nyuma ya nyumba nina matuta mawili ya mchicha, matembele yanajitambalia yenyewe pembeni ya ukuta, na miche 12 ya nyanya kwenye viroba. Mwaka huu majani ya nyanya yakaanza kuchorwa mistari myeupe kama mtoto kapitisha chaki, baadae yanakauka, na tunda nalo linatoboka kitobo kidogo tu ila ukilipasua unakuta funza. Nikakimbilia duka la pembejeo. Kaka wa pale hata hakuuliza nimepanda nini, akachukua chupa kubwa akanimiminia kwenye chupa ya maji ya nusu lita, kifuniko kimoja ndoo moja mama, hiyo kiboko yao. Inaitwaje? We kapige tu. Nikae siku ngapi ndo nichume? Eti hata kesho.

Nikaiweka dirishani jikoni. Jioni namkuta kitinda mimba wangu anahangaika na kifuniko, ile rangi ya njano kajua juisi. Nilimpokonya huku mikono inatetemeka, na ile dawa sikuipiga tena.

Jamani bustani ya nyumbani siyo shamba. Mwenye shamba anapiga dawa anasubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo ndo anavuna, sasa mimi mchicha nachuma leo, keshokutwa nachuma tena, na tangu kusia mpaka kuanza kula ni kama wiki tatu hivi, hizo siku za kusubiri nitazitoa wapi? Na lebo yenyewe sina, imebaki kwenye chupa ya dukani.

Mzee mmoja wa mtaani aliyewahi kulima nyanya Meru ndo akaniambia hao ni kantangaze, wadudu wa kutoka Amerika Kusini walioingia nchini 2014. Funza wake anakaa katikati ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, dawa inapita juu yeye yuko ndani anakula, na dawa nyingi ameshazizoea. Kwahiyo ningepiga ningewalisha wanangu sumu na funza wangebaki palepale.

Saivi kila asubuhi nachuma majani yenye michoro na matunda yaliyotobolewa natumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni, situpi chini maana atamalizia kukua hapohapo. Usiku naweka beseni la maji ya sabuni chini ya taa ya nje, nondo wake wanafuata mwanga wanadumbukia. Miche midogo naifunika chandarua kuukuu kilichochanika nikakishona, siyo kile cha kulalia watoto msije mkanisema. Nyanya hazina shida kufunikwa ila maboga usifunike yakishatoa maua, nyuki atapita wapi.

Kwenye bamia ukiona sisimizi wanapanda kwa foleni usihangaike na sisimizi, geuza jani utakuta vidukari, sisimizi wanafuata ule utamu wao. Maji yenye sabuni kidogo jioni yanatosha, ukizidisha sabuni unaunguza majani. Na vile vidudu vya mviringo vyekundu vyenye madoa meusi muviache, vinakula vidukari kuliko dawa yoyote. Mbegu za mwarobaini nazo natwanga, kama gramu 50 kwa lita 1, nalaza usiku, nachuja, napiga jua likishazama. Konokono ni tochi na koleo tu usiku, msiwashike mikono mitupu, majivu mvua ikinyesha kwisha habari yake. Kuku wa jirani ndo sijampatia dawa mpaka leo.

Ninachoomba, wanaokagua maduka ya pembejeo wapite na huku mitaani kwetu, dawa isiuzwe kwa kumiminiwa, mtu auziwe chupa ndogo yenye lebo yake. Na gazeti mtusaidie kuchapisha maana ya ule mstari wa rangi kwenye lebo, wengi tunajua ni urembo wakati nyekundu ndo sumu kali kabisa, inafuata njano, kisha bluu, kijani ndo yenye madhara madogo.

Ile chupa nilimrudishia yule kaka akakataa, eti bidhaa ikishatoka hairudi. Kumwaga chooni naogopa, kutupa jalalani watoto wanaookota chupa wataiokota. Iko juu ya kabati imefungwa ndani ya kiroba, mwezi wa tatu sasa. Anayejua inapokelewa wapi aandike hapahapa nitasoma.

Mama wa bustani, Kimara, Dar es Salaam