Bonde la Kerio: Tayarisha breki kabla ya miguu

Mhariri,

Mji wetu wa Iten, hapa Kenya, ukitajwa, watu huwaza wakimbiaji, na ni haki yao. Lakini barabara inayotoka Eldoret haiishii pale mjini. Inapita maduka, inafika ukingoni, na mara lami inaanza kuporomoka kuelekea Tambach na Biretwo, inakata sakafu ya bonde hadi daraja la Chebloch juu ya Mto Kerio, kisha inapanda Milima ya Tugen mpaka Kabarnet. Ni takriban kilomita 55. Kwa mtu wa baiskeli aliyechoshwa na malori ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, hii ni barabara tulivu yenye lami, na ukanda huu umelea waendesha baiskeli pia, si wakimbiaji peke yao. Marehemu Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani aliyefariki Agosti 2022 katika mashindano ya Vermont Overland kule Marekani, alikuwa mtu wa huku Eldoret.

Kinachotusukuma kuandika ni mawaidha wanayopewa wageni. Yote ni ya kupanda: mapafu, mapaja, hewa nyepesi ya milimani. Waswahili husema mpanda ngazi hushuka. Huku Kerio mambo ni kinyume, unashuka kwanza na ngazi inakungoja ng'ambo ya mto. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, daraja la Chebloch liko kati ya mita 1,100 na 1,200, na Kabarnet iko karibu mita 2,000. Miguu ikikuishia kwenye kupanda, utashuka na kusukuma baiskeli, aibu kidogo basi. Breki zikikuishia juu ya Tambach, upande mmoja una ukuta wa mwamba na mwingine una hewa tupu.

Fanya hesabu ndogo. Mtu wa kilo 70, pamoja na baiskeli na mizigo ya kilo 15, akishuka mita 1,200 ana nishati ya karibu kilojuli 1,000 ya kuondoa. Hiyo inatosha kuchemsha lita tatu za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100. Lazima iende mahali, na mahali ni pawili tu kwa sehemu kubwa: upepo na breki. Ukienda kasi kwenye sehemu iliyonyooka, upepo unameza fungu kubwa. Ukishuka polepole huku umebana breki kilomita baada ya kilomita, karibu joto lote linaingia kwenye rimu (ukingo wa gurudumu unaobanwa na raba) au disiki, kulingana na aina ya breki zako. Ndiyo maana mwoga anayeburuza breki tangu Iten hadi chini hujikuta hatarini kuliko anayeziachia na kuzikamata kwa mpango.

Mpango wenyewe ni huu. Kamata breki zote mbili kwa nguvu kwenye sehemu iliyonyooka kabla ya kona, punguza mwendo mpaka ule utakaoweza kuumudu, halafu achia. Ndani ya kona usikamate ghafla, hasa ya mbele. Kaa chini, mikono kwenye sehemu ya chini ya usukani, kanyagio la nje likiwa chini na uzito wako juu yake. Macho yatazame kona inapoishia. Baada ya kila kilomita tano au sita simama kabisa mahali pa wazi, breki zipoe kwa dakika tano. Usiguse disiki kwa kidole na usiimwagie maji. Chuma cha moto kikipoa ghafla hupinda. Kama unatumia breki za rimu na umetia tairi upepo mpaka kikomo kwenye baridi ya Iten, kumbuka rimu ikipata moto, upepo ulio ndani unatanuka, na tyubu yenye kiraka cha zamani itakuaga hapohapo. Tairi la milimita 28 kwa mtu wa kilo 70 linatosha kwa PSI 65 mbele na 70 nyuma. La milimita 32 anza na 55 na 60. Rimu za kaboni za breki za rimu ziache nyumbani.

Kabla ya hayo yote, jioni ya kuamkia safari, vua gurudumu la mbele na uzitazame raba za breki kwenye mwanga. Raba nyingi zina mifereji. Mfereji ukishakaribia kufutika, raba imekwisha, hata kama bado inashika kwenye tambarare ya Eldoret. Angalia tena uso wake. Utaona vidoa vinavyometameta kama samli iliyoganda. Hizo ni chembe za alumini zilizong'oka kwenye rimu na kujipachika humo. Zichokoe kwa sindano, moja moja, kisha sugua uso kwa msasa mpaka uwe mweusi butu. Zikiachwa, kila ukikamata breki zinakwangua rimu, na rimu inaliwa polepole hadi ubavu wake unabonyea. Weka rula ubavuni mwa rimu: ukiona mwanga katikati, rimu hiyo ni ya kwenda sokoni, si ya kushuka Tambach. Mwisho bana mkono wa breki kwa nguvu zako zote. Mkono huo ukigusa usukani, waya umelegea au umeanza kukatika nyuzi pale unapoingia kwenye kichwa chake, mahali ambapo mafundi wengi hawatazami.

Wenye disiki za mafuta wajue mafuta yao ni ya aina gani. Ya DOT, jamii ya mafuta ya breki za magari, hunyonya unyevu na yakizeeka huchemka mapema, mkono wa breki ukaingia kama unabonyeza ndizi. Yabadilishwe kila mwaka. Ya madini hayanyonyi maji, lakini ukiyachanganya na DOT unaharibu mipira yote ya ndani.

Barabara nayo ina tabia zake. Baada ya mvua kubwa, kokoto na mawe huanguka kutoka ukutani na kulala upande wa ndani wa kona, kivulini, ambako jicho lililozoea jua haliyaoni. Ukingo huu haudanganyi mtu wakati wa masika: Aprili 2020 maporomoko ya ardhi yaliua watu Chesegon, kaskazini zaidi kwenye bonde lilelile. Kati ya Machi na Mei ipe barabara siku nzima ikauke kabla ya kushuka. Kwenye vituo vya biashara kuna matuta, na si yote yamepakwa rangi. Na mbuzi hupenda lami yenye joto. Mmoja akivuka, usidhani amemaliza, ngoja wa pili.

Ukishafika chini, bonde ni dunia nyingine. Asubuhi Iten ulivaa glavu na jaketi. Hapa kufikia saa tano mchana jua linazidi nyuzi 30 na lami inarudisha joto usoni. Ondoka Iten saa kumi na mbili na nusu, mara kukicha. Uwe Chebloch kufikia saa mbili, na mpando wa Tugen uumalize kabla ya saa tano. Daraja lina mvuto wake: mto umejibana kwenye korongo jembamba la mwamba, na vijana wa pale huruka majini kutoka juu kwa malipo kidogo. Watazame, walipe, lakini usiwaige. Mto huu una mamba.

Chupa mbili za mililita 750 hazitoshi kupanda. Hesabu lita moja kwa saa kwenye joto hilo, na si maji matupu: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, si vya kurundika. Ni ileile ya kumpa mtoto anayeharisha na inafanya kazi ileile. Maembe ya Kerio yakiwa msimu, nunua njiani na ule umesimama. Asali yao ibebe kwenye kichupa kidogo chenye mfuniko wa kuzungusha, la sivyo nyuki watakusindikiza.

Kuhusu gia, wengi hudanganywa na baiskeli za mitumba za mashindano. Zinakuja na gia ndogo ya mbele ya meno 39 na kubwa ya nyuma ya meno 25. Kwa mwendo wa kilomita 9.4 kwa saa, ambao ni mwendo wa kawaida wa kupanda kwa muda mrefu, gia hiyo inakulazimisha kukanyaga mizunguko 48 tu kwa dakika. Kila mzunguko unakuwa kama kunyanyua gunia, na magoti ndiyo yanayolipa. Weka 34 mbele na 32 nyuma: mwendo uleule unaupata kwa mizunguko 70. Kutoka Chebloch hadi Kabarnet ni kama kilomita 20, kwa hiyo tenga saa mbili na robo bila vituo. Ukibadilisha gia za nyuma kuwa kubwa, hakikisha kibadilisha gia kinazimudu na urefushe cheni, kwani cheni fupi ikiwekwa kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja hung'oa kibadilishaji chote.

Pancha za bondeni zina jina: mbigili, na miiba ya migunga. Mbigili ni mdogo kama punje ya hindi, na hata ukianguka vipi mwiba mmoja hutazama juu. Ukitoka nje ya lami kusimama, beba baiskeli, usiisukume. Kabla ya kurudi, zungusha kila gurudumu na upapase tairi kwa glavu. Ukitoboka, usitie tyubu mpya kabla ya kutafuta mwiba kwa vidole ndani ya tairi. Mara nyingi umebaki ncha tu, na utaitoboa ya pili mita 100 mbele. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni ambayo haijafunguliwa (iliyofunguliwa hukauka kimya kimya), na adapta ya valvu nyembamba, kwa sababu mashine ya upepo ya bodaboda haiishiki bila hiyo.

Ukilala Kabarnet, kesho yake kuna barabara ya juu ya mgongo wa Tugen kwenda Kabartonjo, fupi, yenye baridi tamu na mabonde pande zote mbili. Kurudi Iten kwa njia uliyojia ni zaidi ya mita 1,000 za kupanda kutoka Biretwo; anza mapema au utupe baiskeli juu ya matatu bila kuona haya. Lakini kutoka Biretwo kuelekea kaskazini, Arror, Chesongoch hadi Tot, ni jambo jingine. Wizi wa mifugo wa silaha umelitesa eneo hilo, na Februari 2023 serikali ilianzisha operesheni ya usalama katika kaunti sita za North Rift, Elgeyo Marakwet na Baringo zikiwemo. Usiende huko kwa sababu ramani ya simu imechora mstari mzuri. Uliza kituo cha polisi na machifu asubuhi yenyewe, na hata kwa Chebloch uliza vilevile. Wakisema ngoja, ngoja.

Ombi letu kwa wenye dhamana ya barabara hii ni dogo. Kibao kimoja pale lami inapoanza kuporomoka Iten, na kingine Chebloch, vyenye urefu wa mteremko kwa kilomita na mwinamo kwa asilimia, vitamsaidia dereva wa lori kama vitakavyomsaidia mtu wa baiskeli. Kokoto zifagiliwe kwenye kona baada ya mvua kubwa. Na matuta yanapojengwa upya, yasifike mwisho wa lami. Sisi tunashuka upande wa kushoto. Pengo la mita moja, lililonyooka na lisilo na mchanga, linatosha gurudumu kupita.

Waendesha baiskeli wa Bonde,
Iten