Noti Isiyosogea: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo. Mgongo umetulia, na macho yamezoea miwani mipya, ambayo nitakueleza mbele kwa sababu ina kisa chake.

Jumapili ile kwenye simu uliniuliza, "Mama, unajifunza hilo gitaa lako la pedali stili ili iweje?" Nikanyamaza, nawe ukahamia kwenye habari za kazi. Usidhani niliudhika. Jibu nilikuwa nalo, ila ni refu, na la mkato lingekuwa la uongo. Ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Nianze na kwaya. Unajua niliimba alto, sauti ya pili ya kwaya, miaka 31. Watu wakitoka kusikiliza kwaya, njiani huimba sauti ya kwanza. Hakuna anayeondoka na alto mdomoni, maana alto peke yake haina wimbo. Mara nyingi kazi yake ni kushika noti moja na kutulia nayo wakati sauti nyingine zinahama. Lakini zikishahama, noti yako inageuka. Hujaisogeza hata kidogo, ila sasa hivi ilikuwa mzizi wa kodi hii (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja, na mzizi ni ile inayoipa jina), na ghafla imekuwa ya tano kwenye kodi nyingine, ukihesabu kutoka mzizi wake, nawe unaisikia ikibadilika rangi ndani ya kifua chako. Kwa ajili ya hilo nilikuwa naenda mazoezini hata mvua ikinyesha. Nilipofika miaka 57 sauti ikaanza kupasuka, noti za juu kwanza, kisha hata zile za katikati nilizozitegemea. Nikajitoa kabla sijaambiwa. Wewe nilikwambia nimechoka. Sikuwa nimechoka.

Mwaka uliofuata nilikuwa nasikiliza albamu ya mwanamuziki wa Nigeria King Sunny Adé, Juju Music ya 1982, na katikati ya magitaa na ngoma zinazosema ikapita sauti ambayo sikuitambua. Ilianza kama mtu anayevuta pumzi, ikapanda bila ngazi, ikatua juu na kukaa. Niliurudisha wimbo nyuma nisijue mara ngapi. Mpigaji anaitwa Demola Adepoju, na ala yenyewe ni gitaa la pedali stili. Kwa hiyo wewe unapoliita gitaa la wachunga ng'ombe wa Marekani, ujue kwangu lilikuja kwa njia ya Nigeria. Na hata hao Wamarekani wa bara lilivuka bahari kuwafikia: anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kutelezesha chuma juu ya nyuzi ni Joseph Kekuku, aliyekuwa bado mvulana wa shule huko Hawaii, mwishoni mwa karne ya 19.

Mimi kilichonishika hasa ni pedali, ambazo ukizikanyaga zinavuta nyuzi na kubadilisha noti. Zilikuwepo kitambo, lakini wapigaji walizitumia zaidi kubadilishia utuni, yaani noti ambazo nyuzi zimepangwa kutoa. Kisha mpigaji Bud Isaacs, katika wimbo wa mwimbaji wa Marekani Webb Pierce uitwao Slowly, uliovuma mwaka 1954, akakanyaga pedali wakati noti bado zinalia, makusudi watu wazisikie zikipanda. Baada yake mpigaji mwingine, Buddy Emmons, akaigawa kazi ya pedali moja kuwa ya pedali mbili, ili kila sauti ihame kwa wakati wake. Nilipoisoma habari hiyo nilisimama nikazunguka chumba. Mtu alikuwa ameunda kwaya inayoongozwa kwa mguu!

Ngoja nikuchoree, maana hujaliona. Limelala juu ya miguu minne kama meza nyembamba, na langu lina nyuzi 10 na uzito wa kilo 16. Freti, vile vyuma vya shingoni vya kubonyezea nyuzi, hakuna, ni mistari tu imechorwa chini ya nyuzi. Mkono wa kushoto unashika kipande cha chuma mviringo, kizito, kinene kuliko dole gumba, unakitelezesha juu ya nyuzi. Mkono wa kulia umevaa kucha za bandia, ya plastiki kwenye dole gumba na mbili za chuma kwenye vidole vinavyofuata. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali tatu. Wa kulia uko kwenye pedali ya kuongeza na kupunguza sauti. Magoti nayo yana kazi, yanasukuma nyenzo zilizoning'inia chini ya gitaa. Mwanzoni nilikuwa nikifikiria goti, mkono unasahau. Nikiukumbuka mkono, mguu umeshaganda.

Utuni wangu unaitwa E9. Bila kukanyaga chochote, nyuzi za kati zinatoa kodi ya E: E, G shapu (G iliyopandishwa nusu toni) na B. Pedali ya kwanza inaipandisha B toni nzima kuwa C shapu. Ya pili inaipandisha G shapu nusu toni kuwa A. Kanyaga zote mbili kwa pamoja, polepole, na kodi ya E imekuwa kodi ya A bila mkono wako kuondoka ulipo. Na E je? E haijaenda popote. Ilikuwa mzizi, sasa ni ya tano. Siku ya kwanza nilipozikanyaga zile mbili nililia, mwanangu. Ile noti niliyokuwa naishika mstari wa pili, miaka yote ile, ilikuwa imesimama mbele yangu ikigeuka, na safari hii haikuhitaji koo langu.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Zilizofuata zilikuwa ngumu, na sitakuficha.

Kwanza ile miwani. Kidole kwenye gitaa la kawaida hukaa nyuma kidogo ya freti, lakini chuma hiki kinatakiwa kiwe juu ya mstari kabisa. Mistari iko chini na chuma kiko juu, hivyo ukichungulia kwa upande macho yanakudanganya, na milimita moja inatosha kuiharibu noti. Miwani yangu ya zamani ilikuwa ya kuonea mbali juu na karibu chini. Ili nizione nyuzi ilibidi niinue kidevu, na kila nikikiinua naviona chuma na mstari kwa pembe. Miezi mitatu nikaamini masikio yangu yameisha kama sauti yangu. Kumbe ni shingo. Nikapimiwa miwani ya umbali mmoja tu, kutoka jicho hadi uzi, na wiki ileile noti zikaanza kukaa. Hata hivyo macho kazi yake ni kukufikisha uani. Mlangoni unaingizwa na sikio.

Na sikio ninalo. Nilikuwa natuni kwa programu ya simu, kila uzi mpaka taa iwe ya kijani, halafu nikipiga kodi inatetema vibaya, haitulii. G shapu ilikuwa juu mno. Nililijua hilo kabla ya kulisoma popote, kwa sababu noti ya tatu ya kodi kubwa, kama G shapu kwenye kodi ya E, nimeiimba nusu ya maisha yangu, na haikai pale kinanda kinapoiweka. Kwaya inayosikilizana huishusha kidogo mpaka ule mtetemo unalala. Tofauti ni kama senti 14, ukichukulia kwamba nusu toni nzima ni senti 100. Nikaishusha, kodi ikatulia kama maji kwenye mtungi. Baadaye nikakuta kwamba wapigaji wengi wa ala hii huzishusha noti za tatu vivyo hivyo. Tangu siku ile sijihesabu tena kuwa mwanafunzi aliyechelewa. Sehemu moja ya somo hili nilikuwa nimeianza zamani sana, nikiwa nimesimama na kitabu cha nyimbo mkononi.

Kilichokaribia kunishinda ni ukimya. Kwenye gitaa la kawaida ukiinua kidole noti inakufa. Hapa uzi ukishapigwa unaendelea kulia, na chuma kinautembeza mlio huo kila kinapokwenda. Kwa hiyo noti unaipiga wewe na kuizima ni wewe, kwa ukingo wa kiganja cha mkono uleule unaopiga, kabla tu ya noti inayofuata. Baada ya miezi minane nilijirekodi kwa simu. Nikasikia uji. Noti zote zilikuwemo, na juu yake zile zilizotangulia hazijaondoka, kama chumba wanachoingia wageni na hakuna anayeaga. Nikalifunika gitaa kwa shuka. Wiki sita sikuligusa, na kwenye simu uliponiuliza mazoezi yanaendaje nilikujibu "vizuri". Hilo nalo nalifuta leo.

Nilipolifunua ni kwa sababu niliisikiliza tena ile rekodi, safari hii kama mwalimu wa kwaya anavyosikiliza, akitafuta kosa liko wapi hasa. Noti zilikaa mahali pake. Mapigo yalikuwepo. Kilichokosekana ni miisho. Kwenye kwaya tuliwahi kutumia jioni nzima kujifunza kufunga neno moja pamoja, watu 40 wamalize herufi ya mwisho kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeona ni kazi ndogo. Basi mwezi mzima sikupiga wimbo. Nyuzi mbili tu, mapigo 50 kwa dakika: piga, zima, piga, zima. Nakuambia ukweli, mwezi ule niliupenda. Mwishoni mwake, kati ya noti na noti, pakaanza kusikika nafasi safi, na noti iliyofuata ikawa na mahali pa kuingilia.

Mwili una masharti yake. Asubuhi vidole ni vigumu, kwa hiyo napiga alasiri, dakika 20, napumzika, kisha 20 nyingine. Kifundo cha mguu wa kushoto kilivimba mpaka nilipopata kiti cha kimo kinachofaa, kwa sababu mguu haukanyagi tu: unalala juu ya pedali mbili na kuegemea huku au kule, ili uachie moja na kubaki na nyingine. Kijana angejifunza hayo kwa nusu ya muda wangu. Lakini sidhani kijana angeuvumilia ule mwezi wa nyuzi mbili.

Na hapo ndipo nilipokukumbuka wewe na kinanda. Ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa jikoni, na kila ulipokosea nilipaza sauti, "Rudia toka mwanzo!" Kosa lako lilikuwa katikati ya ukurasa, kila siku palepale, nami kila siku nikakurudisha juu. Ukawa hodari wa mwanzo, na ukifika pale katikati unakaza mabega ukingoja sauti yangu. Ulipoacha, una miaka 11, nilisema mbele ya watu kwamba huna subira. Subira ulikuwa nayo tele. Nilipaswa kuja kukaa pembeni yako, tuchukue zile noti tano zilizokuwa zinakushinda, tuzipige taratibu mpaka zizoeane na vidole vyako, basi, ukacheze. Sikulijua hilo kwa sababu nilikuwa sijawahi kujifunza kitu kigumu mbele ya mtu anayenisikiliza. Nisamehe, mwanangu. Sikuombi urudi kwenye kinanda. Nataka tu ujue kwamba niliyosema siku ile hayakuwa kweli.

Sasa swali lako. Jukwaani sina mpango wa kwenda, na wala siweki pembeni alasiri zangu ili siku moja nisifiwe. Kila siku, kwa dakika zile 40, nashika noti moja na kuzisikia nyingine zikihama juu yake. Nilikuwa nayo hiyo, ikanipotea, na sikuwa nimejua kwamba inaweza kurudi kwa mlango mwingine.

Ukija mwezi ujao usikae mbele yangu, kutoka mbele utaona mbao tu. Kaa kushoto, uangalie mguu. Ule wimbo niliokuwa nakuimbia ukigoma kulala nimeufikisha nusu. Nimepanga sauti ya pili na ya tatu, na ya kwanza nimeiacha wazi, uiimbe wewe. Usiniambie huwezi kuimba, nilikuwa nakusikia bafuni.

Na ukipita duka la vyombo vya muziki niletee nyuzi mbili za namba tatu, unene wa inchi 0.011. Waambie ni za pedali stili. Huo ndio unaokatika mara nyingi kuliko zote, kwa sababu ni mwembamba na kila saa unavutwa, nami nimebakiwa na mmoja tu.

Akupendaye,
Mama