Barua kwa mwanangu aliyehamishiwa upelelezi

Mwanangu,

Picha yako nimeiona, umevaa kiraia umesimama kama bosi, nimewatumia watu wote mpaka dada yako analalamika namalizia bando lake. Nimefurahi baba. Ila tangu uniambie wamekupeleka upelelezi usingizi sipati vizuri, na nikigusia hiyo ishu kwenye simu unasema mtandao unasumbua, mbona nikiulizia mshahara hausumbui? Haya nimeandika sasa, huwezi kunikatisha.

Usimbane mtu mpaka akubali kosa. Ndo hilo tu.

Najua utasema asiye na kosa hawezi kukiri. Anakiri! Kule China mwaka 1999 iliokotwa maiti kisimani haina kichwa, wakaamua ni ya mwanakijiji aliyepotea, wakamkamata jirani yake, mkulima mmoja Zhao Zuohai, kipigo, kunyimwa usingizi, akakiri mara tisa. Tisa baba, si mara moja useme ulimi uliteleza. Mwaka 2010 huyo "marehemu" karudi kijijini mzima. Sasa yale maelezo yote yalitoka wapi kama si kwa waliokuwa wanamhoji?

Na usiniambie wewe hupigi. Wale vijana watano wa New York waliodaiwa kumbaka mwanamke bustanini mwaka 1989, wa miaka 14 mpaka 16, walihojiwa masaa na masaa, wanaambiwa wenzako wameshakutaja, wanne wakakiri mbele ya kamera. DNA haikumgusa hata mmoja wao na bado wakafungwa, mpaka mhusika mwenyewe aliposema 2002. Kumchosha mtu na kumdanganya nako ni kumbana.

Lakini anayenikosesha amani ni yule mzee wa Japani, Iwao Hakamada. Alikuwa bondia. Alikamatwa 1966 kwa kesi ya mauaji, wakamhoji karibu wiki tatu, akakiri, mahakamani akakana, haikusaidia, 1968 akahukumiwa kunyongwa. Alitolewa 2014 akili imeshaharibika, akaja kufutiwa kosa 2024 akiwa na miaka 88, na mahakama ikasema ushahidi ulitengenezwa na wapelelezi wenyewe. Wapelelezi, kama wewe! Nao walikuwa na mama zao. Mmoja wa majaji watatu waliomhukumu ile 1968 hakuamini kuwa ana hatia lakini hukumu akaiandika, akaacha ujaji mwaka uliofuata, akakaa kimya mpaka 2007. Wewe utakaa na nini moyoni miaka yote hiyo?

Maana maelezo yakishatoka kwako yana muhuri, mwendesha mashtaka anakuamini wewe, jaji anamwamini mwendesha mashtaka, yule aliyeko lokapu anabaki kusema nilibambikiwa na hakuna anayemsikiliza. Kwa hiyo rekodi tangu swali la kwanza, sio mnawasha kamera akishalainika. Wakili wake akija mruhusu. Yale anayoyajua mhalifu peke yake usimtajie wewe, subiri ayaseme yeye. Na mwache alale, jamani, mtu alale.

Mkubwa wako atataka kesi iishe haraka na wewe nakujua, hupendi kuonekana umeshindwa, tangu mdogo. Mimi pia nikitaka jibu nilikuwa silali mpaka nilipate, ile ya hela za kabatini na kaka yako unaikumbuka, sina haja ya kuirudia, msalimie ukimpata maana mimi hapokei simu yangu.

Huku wazima. Paa la jikoni linavuja palepale, fundi anasema kesho kila siku. Dada yako kafaulu, ila kiatu kimemwisha, ukiweza mtumie yeye moja kwa moja maana mimi nitaikopa. Lile blanketi zito ulisahau, nimelifua.

Nijibu kuhusu hiyo rekodi, kama huko kwenu ipo au haipo, usinijibu habari za paa tu.

Mama yako